Mama Aliita Daktari, Akaletewa Pingu

Magharibi ilikuwa haijaadhiniwa. Nilikuwa barazani na wazee wawili wa mtaa, tukasikia sufuria zinarushwa nyumba ya jirani. Kijana wa pale, fundi wa simu ambaye mtaa mzima humpelekea simu zilizopasuka vioo, alikuwa na siku nne hajalala. Dawa zake zilikuwa zimemwishia, na kila alipokwenda kuzifuata aliambiwa hazijaletwa, arudi mwezi ujao. Jioni hiyo alisimama uani kifua wazi, kisu cha kukatia vitunguu mkononi, akibishana na redio iliyokuwa imezimwa. Hakuwa amemgusa mtu.

Mamake alipiga simu hospitali. Akaambiwa gari la wagonjwa halimchukui mtu anayefanya fujo, aanze na polisi. Akaanza na polisi. Baada ya dakika arubaini ikaja Landkruza na askari watano, wawili na bunduki. Yule mama akasimama mlangoni, mikono ameitanua kama anayezuia mbuzi wasitoke zizini. "Afande, huyu ni mwanangu. Ni mgonjwa, si mwizi. Nawaomba msimpige."

"Mama, kaa kando, tuachie kazi."

Kazi yenyewe ilichukua dakika tatu. Rungu la kwanza lilimpata begani, kisu kikadondoka. La pili, la tatu na la nne sijui yalikuwa ya nini, maana kisu kilikuwa chini. Akatiwa pingu, akatupwa nyuma ya gari kama gunia la makaa. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa jioni, alilala seli hadi Jumatatu, bila kidonge hata kimoja. Jumatatu akapandishwa kizimbani kwa shtaka la kuzua rabsha. Hakimu, Mungu amjazie kheri, alimtazama mara moja tu, akaamuru apelekwe kupimwa akili. Jumanne ndipo alipoketi mbele ya daktari.

Hebu ifuateni safari hiyo. Mama aliomba daktari siku ya Ijumaa, akampata Jumanne. Kati yao palikuwa na rungu, pingu, seli, kizimba na muhuri wa mahakama. Daktari tunaye. Tumemweka mwisho wa foleni, nyuma ya kila mtu asiyejua kutibu.

Ndiyo maana leo nasema bila kumung'unya maneno: simu inapopigwa kwamba mtu amepandwa na kichaa, atoke muuguzi wa afya ya akili, na askari aende naye. Nimesema "aende naye". Sikusema amtangulie.

Najua baadhi yenu mshaanza kucheka. Nchi hii wagonjwa hulala wawili kitanda kimoja, mwandishi anataka muuguzi apande gari la polisi! Chekeni, lakini mkimaliza mnisikilize.

Simlaumu yule konstebo peke yake. Chuoni alifundishwa kwamba dawa ya moto ni moto. Akiona kisu, apaze sauti. Amri isipofuatwa, aipaze zaidi. Isipofuatwa tena, atumie nguvu. Kwa jambazi huenda hesabu hiyo ikatoka. Kwa mgonjwa haitoki kamwe. Huyu tayari anasikia sauti tatu kichwani, wewe unamwongezea tano za kumfokea. Tayari anaamini kuna watu wanakuja kumuua, wewe unaingia na bunduki na kumthibitishia. Akirudi nyuma unasema anakimbia. Akisimama unasema amekaidi. Akiinua mkono kujikinga, kesho tutasoma gazetini kwamba alitaka kuwashambulia maafisa.

Muuguzi aliyesomea kazi hii huanza kinyume chake. Huwapunguza watu waliozunguka. Huacha nafasi, hamzibii mgonjwa mlango. Huzungumza mtu mmoja, kwa sauti ya chini, na humwita mgonjwa kwa jina. Huuliza mambo madogo: umekula? Umelala lini? Dawa zako ziko wapi? Na husubiri. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto, kisha tunawatuma watu wazima kwenye hatari kubwa kuliko zote wakiwa na haraka ya kurudi kituoni kubadilishana zamu.

Kisha kuna jambo ambalo askari hawezi kulijua hata awe na huruma kiasi gani. Si kila anayeonekana kichaa ni kichaa. Mtu wa kisukari ambaye sukari imemshuka huweweseka, hutukana, hupigana. Aliyetoka tu kwenye kifafa huamka hajui yuko wapi, na ukimshika kwa nguvu atakurushia ngumi. Malaria iliyopanda kichwani humfanya mtu apige kelele usiku kucha. Mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla huona wadudu ukutani, na asipotibiwa anaweza kufa. Mama aliyejifungua wiki iliyopita akili zikamruka, anamwona mtoto wake mwenyewe kama kiumbe kigeni. Hao wote ukiwatia seli umewahukumu. Muuguzi aliye na mashine ya kupimia sukari, ile ndogo ya kiganjani, anaweza kujua ndani ya dakika moja kwamba anayehitajika hapa ni mtu wa dripu. Rungu halipimi sukari.

Basi tumefikaje hapa? Tumefika kwa miguu yetu. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, enzi za Mwingereza, na mkoloni hakuijenga kwa kuwaonea huruma wenyeji. Alitaka mahali pa kuwafungia waliomsumbua. Ukoloni ukaondoka, fikra ikabaki. Hadi leo mtoto akichezacheza kupita kiasi anatishiwa, "Nitakupeleka Mathari!" kwa sauti ile ile ya "Nitakuitia polisi!" Katika vinywa vyetu hospitali na jela zimekuwa dada wawili. Tusishangae gari linalokwenda kwa mgonjwa likiwa ndilo lile linalokwenda kwa mhalifu.

Sheria nayo ilisaidia kuchanganya mambo. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya 1989 ilimpa polisi, na hata chifu, mamlaka ya kumchukua mtu anayedhaniwa ana maradhi ya akili na kumfikisha hospitali ya akili ndani ya saa 24. Someni vizuri: hospitali. Hata sheria ile kuukuu haikusema apelekwe seli akasubiri Jumatatu. Marekebisho ya 2022 yakaongeza haki za wagonjwa na kuzipa kaunti wajibu wa kuwahudumia. Katiba yenyewe, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikuandika "isipokuwa ugonjwa ukiwa wa kichwa".

Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kwa miaka mingi mtu aliyenusurika kamba aliamka wodini akakuta askari kando ya kitanda. Lakini niulize: usiku huu mtu akipanda ukingo wa daraja, nani atakayefika? Atafika askari yule yule, kwa gari lile lile, na mafunzo yale yale. Kosa limefutwa mahakamani. Pingu bado ziko kiunoni.

Sasa tuje kwenye donda lenyewe. Katiba ya 2010 ilizipelekea kaunti huduma za afya na kuwaacha polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo muuguzi ni wa gavana, askari ni wa Inspekta Jenerali. Mmoja analipwa na kaunti, mwingine Nairobi. Mgonjwa wetu, kisu mkononi, amesimama katikati ya serikali mbili. Ukimuuliza gavana, atakwambia usalama si kazi yake. Ukimuuliza OCS, mkuu wa kituo cha polisi, atakwambia yeye si daktari. Wote wawili wanasema kweli, na kweli zao mbili zikikutana zinazaa maiti. Fahali wawili wapiganapo huumia nyasi. Hawa wetu hata hawapigani, wamepeana migongo, na nyasi zinaumia vile vile.

Msiniambie hatukujua. Mwaka 2019 serikali iliunda jopokazi la afya ya akili chini ya Daktari Frank Njenga. Walizunguka nchi, wakasikiliza, na Julai 2020 wakakabidhi ripoti iliyopendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Janga! Nchi ikitangaza janga la mafuriko, helikopta hupaa. Ikitangaza janga la njaa, malori hupakia mahindi. Hili janga limepakia nini? Magari ya doria bado yanatoka vituoni bila hata muuguzi mmoja ndani.

Tena kitu ninachokidai hakijashuka kutoka mbinguni. Memphis, Marekani, mwaka 1987, polisi walimpiga risasi na kumuua kijana wa miaka 27 aliyekuwa akijikatakata kwa kisu. Aliyepiga simu kuomba msaada alikuwa mamake. Mji ukawaka hasira. Mwaka uliofuata polisi, madaktari, vyuo na familia za wagonjwa waliketi meza moja wakaanzisha kikosi cha askari waliofunzwa saa 40 kuhusu maradhi ya akili. Wengi wanayaiga mafunzo hayo na kulisahau jambo la pili: hospitali ilikubali kumpokea mgonjwa papo hapo, bila kumzungusha askari dirisha hadi dirisha. Askari akijua atamkabidhi mgonjwa na kuondoka upesi, hana sababu ya kumpeleka seli.

Mji wa Denver, huko huko Marekani, wakaenda mbele zaidi. Juni 2020 walianza kutuma gari lenye mtaalamu wa afya ya akili na mhudumu wa dharura, bila askari kabisa, kwa simu zisizohusu silaha wala vurugu. Katika miezi 6 ya kwanza walishughulikia simu 748. Hakuna hata moja iliyoishia kwa mtu kukamatwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipochunguza mwaka 2022 waligundua kwamba ripoti za makosa madogo madogo katika maeneo yaliyohudumiwa na gari hilo zilishuka kwa asilimia 34. Mji haukuungua. Wahuni hawakuteka barabara. Askari walipata nafasi ya kuwafuata wezi, kazi tuliyowaajiria.

Wako watakaokurupuka na kusema, basi tuwaondoe polisi kabisa. Ndugu zangu, tulieni. Tazameni Uingereza. Polisi wa Humberside walianza mwaka 2020 kukataa simu za afya ambazo waliona si kazi yao, na London ikafuata mwaka 2023. Hoja yao ina mantiki: askari si daktari. Lakini huko huko wenye wagonjwa waliingiwa na hofu, wakauliza: polisi wasipokuja, na hospitali haina watu, nani atakayekuja? Ukimtoa askari kabla hujamleta muuguzi, unamwacha mama na kisu peke yao. Na mitaa yetu tunaijua. Polisi wakichelewa hufika umati, na umati ukishaokota mawe hauulizi mtu anaumwa nini.

Askari, basi, abaki. Kisu kikiwapo, awe karibu, awatawanye watazamaji, azuie mawe, amlinde muuguzi. Asimame kama ukuta, na muuguzi awe mlango. Lakini kumuua mgonjwa ambaye hajamgusa mtu, kwa bunduki iliyobuniwa kwa ajili ya vita, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, mbele ya mamake, hiyo haiitwi kulinda amani katika lugha yoyote ninayoijua.

Watasema hatuna wataalamu. Ni kweli madaktari bingwa wa akili hawatoshi, na wengi wamejazana Nairobi. Lakini sikuomba daktari bingwa. Naomba muuguzi mmoja mwenye mafunzo ya afya ya akili, zamu kwa zamu, katika kila kaunti ndogo, na simu inayopokewa usiku. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wakapewa mikoba na kutumwa nyumba hadi nyumba. Hao wanajua nyumba ipi ina mgonjwa, nani ameacha dawa, mama gani analia usiku. Habari hiyo inakufa ndani ya mkoba kwa sababu haina njia rasmi ya kumfikia OCS wala muuguzi wa zamu. Kuitengenezea njia ni kikao cha asubuhi moja, ikiwa kuna anayetaka kuketi.

Watasema hakuna pesa. Nawauliza: petroli ya Landkruza iliyobeba askari watano inatoka wapi? Chakula cha seli siku tatu? Saa za hakimu, karani na mwendesha mashtaka? Gari la kumpeleka mahabusu hospitali? Bega lililovunjika lililipiwa na nani? Tunalipa tayari. Tunalipia njia ndefu na kuiita njia ya bei nafuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tunaujenga kila wiki.

Nina onyo pia kwa wenzangu wanaharakati, wapenda miradi. Eugene, mji wa Oregon, Marekani, ulikuwa na huduma iliyoitwa CAHOOTS tangu mwaka 1989: mhudumu wa tiba na mtaalamu wa kushughulikia wenye dhiki ya akili ndani ya gari moja, bila silaha. Dunia nzima ilikwenda kuwaiga. Aprili 2025 huduma hiyo ilikoma mjini humo kwa matatizo ya fedha na mkataba. Miaka zaidi ya 35 ya sifa haikuwalipia hata mwezi mmoja wa mafuta. Sisi tunaoishi na miradi ya wafadhili tunaujua wimbo huu: uzinduzi na fulana, picha na balozi, miaka mitatu baadaye gari limekaa juu ya mawe. Jambo hili liwekwe katika sheria na bajeti. La sivyo tutazindua, tutapiga makofi, tutazika.

Tena tuwaambie askari ukweli, kwamba jambo hili ni lao pia. Desemba 2021 konstebo mmoja jijini Nairobi alimuua mkewe, akaua watu wengine kadhaa mtaani, kisha akajiua. Nchi ilishtuka wiki moja, ikasahau. Wanaookota maiti barabarani, wanaolala kwenye vibanda vya mabati na familia zao nyuma ya pazia, wao pia huugua. Askari anayefanya kazi kila siku na muuguzi wa akili hujifunza kumtambua mgonjwa, na huenda siku moja akajitambua mwenyewe akiwa bado na wa kumwambia. Polisi walikubali dawati la jinsia lilipoletwa, ingawa nalo lilichekwa. Hawakupungukiwa na uanaume. Watalikubali na hili.

Mambo ninayodai ni matatu, yanaenea kwenye kiganja. Moja, kila kamanda wa polisi wa kaunti na kila waziri wa afya wa kaunti watie saini makubaliano ya maandishi: nani anatoka simu ikipigwa, nani anaongoza, nani anabaki nyuma. Pili, kila kaunti itenge chumba hospitalini kinachompokea mgonjwa saa yoyote, na iwe marufuku kumlaza seli mtu ambaye kosa lake pekee ni kuugua. Tatu, kila mgonjwa wa akili anayejeruhiwa au kuuawa mikononi mwa polisi, mamlaka ya kuwasimamia, IPOA, ichunguze na iseme hadharani kama kulikuwa na muuguzi, na kama hakuwapo, kwa nini.

Yule kijana amerudi kwenye meza yake ya simu. Mkono wa kulia hauinuki vizuri, kwa hiyo skrubu ndogo ndogo hufunguliwa na mdogo wake. Juzi nilimkuta mamake duka la vifaa vya ujenzi, anapimiwa mnyororo. Nikamsalimu, nikamuuliza wa nini, maana hana mbwa.

"Ni wa siku hali ikimrudia, baba," akaniambia. "Nitamfunga mwenyewe kitandani. Polisi siwaiti tena."

Mita mbili na kufuli. Muuza duka akamkatia, akapokea pesa.

Mheshimiwa gavana, afande kamanda, huyo mama aliwaamini nyote wawili jioni moja ya Ijumaa. Ketini mtie saini kabla kufuli hiyo haijafungwa.